Mashine ya kuoshea vyombo: maji na umeme kwanza, bei baadaye

Mashine ya kuoshea vyombo ni kifaa cha kawaida katika majiko mengi ya Ulaya na Marekani, na siku hizi inauzwa pia katika maduka makubwa ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala.

Kwa familia za Afrika Mashariki zinazoishi ng'ambo, ambako mara nyingi hakuna dada wa kazi na baba na mama wote hufanya kazi za zamu, mashine hiyo ni msaada mkubwa. Wako pia wanaotaka kununua ya pili na kuituma nyumbani kwa wazazi, ndani ya kontena pamoja na friji na magodoro.

Lakini mashine iliyochaguliwa kwa kutazama bei na mng'aro wake inaweza kuishia kuwa kabati la kuhifadhia sahani. Mara nyingi tatizo huwa si ubovu wa mashine. Huwa ni kwamba maji, umeme na masufuria ya nyumba inakokwenda havikuangaliwa kabla fedha hazijatolewa.

Inavyofanya kazi

Wengi hudhani kuwa mashine hiyo hujaa maji kama beseni, na vyombo hulowekwa ndani yake. Sivyo ilivyo. Mashine hupokea lita chache tu, ambazo hukaa chini kabisa. Maji hayo hupashwa moto na hita ya umeme, kisha pampu huyasukuma hadi kwenye mikono inayozunguka, yenye matundu madogo. Maji hurushwa kwa nguvu juu ya vyombo, hushuka, hupita kwenye kichujio na kurushwa tena.

Baada ya hapo maji machafu hutolewa nje, masafi huingia kwa ajili ya kusuuza, na mwishowe vyombo hukauka kwa joto.

Usafi basi hutokana na mambo manne: joto, sabuni, nguvu ya maji na muda. Likipunguzwa moja, jingine lazima liongezwe. Ndiyo sababu programu ya kubana matumizi, yenye maji ya nyuzi joto 50 hivi, huchukua zaidi ya saa tatu. Programu ya vyombo vichafu sana, inayofikia nyuzi 65 au 70, kwa kawaida humaliza mapema zaidi lakini hula umeme mwingi.

Mwenye kufahamu hilo hatashangaa kuona kwamba programu ndefu ndiyo yenye gharama ndogo.

Historia fupi

Mashine ya kwanza iliyofanikiwa kibiashara ilibuniwa na mwanamke wa Kimarekani, Josephine Cochrane, wa mji wa Shelbyville katika jimbo la Illinois. Bibi huyo, aliyekuwa na uwezo, alichoshwa na kuona vyombo vyake vya thamani vikimeguka wakati watumishi wakiviosha. Mumewe alipofariki dunia na kumwachia madeni, aliligeuza wazo lake kuwa biashara. Alipata hataza mnamo Desemba 1886, na mwaka 1893 mashine zake zilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago.

Walionunua, hata hivyo, walikuwa wenye mahoteli na migahawa. Mashine zilikuwa kubwa na ghali, na nyumba nyingi za wakati ule hazikuwa na maji ya moto ya kutosha. Ilipita zaidi ya nusu karne kabla mashine hizo hazijaanza kuenea katika nyumba za Wamarekani wa kawaida, kuanzia miaka ya 1950.

Kikwazo cha aina hiyo bado kinamkabili mnunuzi wa Mwanza au Mombasa. Mashine anaweza kuipata dukani. Anachopaswa kuwa na hakika nacho ni bomba lake.

Maji: wingi, presha na ugumu

Sifa ambayo wauzaji huitaja kwanza ni kuokoa maji. Dai hilo lina msingi, ila linategemea jinsi familia inavyoosha vyombo hivi sasa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn nchini Ujerumani, wakiongozwa na Profesa Rainer Stamminger, waliwapa watu zaidi ya 100 kutoka nchi kadhaa za Ulaya vyombo vichafu vya kutosha watu 12 na kuwataka wavioshe kwa mikono. Kwa wastani, kila mmoja alitumia lita 103 za maji. Mashine nyingi za leo zenye uwezo wa kuosha vyombo vya idadi hiyo hutumia kati ya lita 9 na 12 katika programu ya kubana matumizi.

Tofauti ni kubwa kwa sababu wengi huosha huku bomba likiwa wazi. Familia inayoosha kwa mabeseni mawili, moja la sabuni na jingine la kusuuzia, na kumaliza kazi yote kwa ndoo moja ya lita 20, haiko katika hesabu hiyo. Kwake mashine itaokoa muda na mikono, lakini maji yatakayookolewa ni machache. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha hata kwamba kuosha kwa mabeseni mawili, maji ya moto katika moja na baridi katika jingine, hutoa gesi chache zinazoongeza joto la dunia kuliko mashine.

Jambo la pili ni presha. Mashine nyingi huhitaji presha isiyopungua bar 0.3 au 0.5, na kiwango hicho huandikwa katika kitabu cha maelekezo. Katika miji ya Ulaya wengi hawana haja ya kukifikiria. Lakini nyumba inayopata maji kutoka tangi lake yenyewe lazima ipige hesabu: kila mita 10 za kimo cha maji huleta takriban bar 1. Maji yaliyo mita 3 juu ya mashine huleta bar 0.3 tu, na yaliyo mita 5 juu huleta 0.5. Tangi likiwa chini ya hapo, pampu ndogo itahitajika.

Maji pia hayatakiwi kukatika katikati ya kazi. Mashine huchukua maji mara kadhaa katika mzunguko mmoja. Bomba likikauka wakati wa kusuuza, kazi husimama na vyombo hubaki na sabuni. Pale ambapo maji ya mgawo huja siku mbili kwa wiki, tangi la akiba ni la lazima.

Jambo la tatu ni ugumu wa maji. Maji magumu ni yale yenye madini ya chokaa, yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. London na kusini-mashariki mwa Uingereza maji ni magumu sana, na Scotland ni laini. Chokaa hugandama kwenye hita na kuacha ukungu kwenye bilauri.

Mashine zinazotengenezwa kwa soko la Ulaya huwa na chombo cha ndani cha kulainisha maji, kinachohitaji chumvi maalumu ya chembe kubwa. Chumvi ya mezani haifai, kwani ni laini mno na huchanganywa na vitu vingine. Mashine nyingi za Marekani hazina chombo hicho. Anayeishi kwenye maji magumu na kuletewa mashine kutoka Marekani anapaswa kulijua hilo mapema.

Hata hivyo, chombo hicho huondoa chokaa tu. Hakiwezi kuondoa chumvi iliyomo katika maji ya visima vingi vya mwambao, na chumvi hiyo inaweza kuleta kutu hata kwenye chuma cha pua. Mwenye kisima cha maji ya chumvi ni afadhali aiunganishe mashine na tangi la maji ya mvua, au asiinunue.

Umeme: si kila mashine inayofaa nyumbani

Kosa lenye gharama kubwa kwa anayenunua ng'ambo na kutuma nyumbani ni la umeme. Marekani na Kanada nyumba hutumia umeme wa volti 120, wenye mizunguko 60 kwa sekunde. Kenya, Uganda na Tanzania hutumia volti 230 hadi 240, na mizunguko 50. Mashine ya Marekani ikichomekwa moja kwa moja katika soketi ya Arusha itaungua.

Transfoma inaweza kupunguza volti, lakini haibadilishi idadi ya mizunguko, ambayo huathiri pampu nyingi. Zaidi ya hayo, transfoma inayoweza kubeba mzigo wa mashine hiyo ni kubwa, nzito na ghali. Kuna tatizo jingine tena: mashine za Marekani kwa kawaida huunganishwa na bomba la maji ya moto, wakati majiko mengi ya Afrika Mashariki yana bomba la maji baridi peke yake. Kwa jumla, mashine iliyonunuliwa Marekani kwa matumizi ya Marekani ibaki huko huko.

Mnunuzi aliye Uingereza ana nafuu. Umeme wa huko unalingana na wa Afrika Mashariki, na plagi ya pini tatu bapa ndiyo ile ile inayotumika Kenya, Uganda na Tanzania. Oman na Falme za Kiarabu ni vivyo hivyo. Saudi Arabia inahitaji uangalifu, kwa kuwa umeme wake una mizunguko 60. Njia ya hakika ni kusoma kibandiko kilicho ukingoni mwa mlango wa mashine, ambako volti na mizunguko huandikwa.

Hita ya mashine huvuta wati 1,800 hadi 2,400, ambazo kwa volti 240 ni takriban ampea 8 hadi 10. Mashine ichomekwe kwenye soketi ya ukutani, wala isiunganishwe kwa ekstensheni pamoja na birika au jiko la umeme, kwani waya mwembamba unaweza kushika moto.

Pale umeme unapopanda na kushuka, kifaa cha kulinda umeme ni muhimu, lakini vifaa vingi vinavyouzwa kwa ajili ya friji vimetengenezwa kwa mzigo mdogo zaidi. Kinachotakiwa ni chenye uwezo wa ampea 13.

Kwa matumizi, mashine ya kawaida hula chini ya uniti moja ya umeme katika programu ya kubana matumizi. Anayelipia umeme kwa tokeni anaweza basi kujua kabla ya kununua gharama yake kwa mwezi: azidishe idadi ya siku kwa bei ya uniti moja. Ni vizuri pia kumuuliza muuzaji kama mashine huendelea pale ilipoachia umeme ukikatika na kurudi, au huanza upya.

Ukubwa na aina ya vyombo

Mashine za kawaida zina upana wa sentimita 60. Nyembamba zina sentimita 45, na zinafaa majiko madogo ya nyumba za zamani za Uingereza. Ziko pia ndogo za kuwekwa mezani, na baadhi yake zina tangi dogo la lita 5 hivi, linalojazwa kwa jagi bila kuunganishwa na bomba. Hizo zinamfaa mpangaji wa chumba kimoja, na hata nyumba isiyo na bomba jikoni. Kinachotakiwa ni soketi na mahali pa kutolea maji machafu.

Mpangaji anayehamahama achague mashine inayosimama peke yake, na si ile ya kufungwa ndani ya kabati. Amwulize pia mwenye nyumba kabla fundi hajagusa mabomba.

Uwezo wa mashine hutajwa kwa seti: kwa kawaida 12 hadi 14 kwa kubwa, na 9 au 10 kwa nyembamba. Hapa mnunuzi wa Afrika Mashariki anapaswa kuwa makini. Seti hupimwa kwa mlo wa Kizungu: sahani kadhaa, bilauri, kikombe, kisu, uma na vijiko kwa kila mlaji. Haikukusudiwa nyumba inayopika pilau ya watu 15 katika sufuria moja, ikaipakua kwenye sinia na kuila kwa mkono.

Familia ya namna hiyo haina haja kubwa na trei ya tatu ya uma na visu, inayosifiwa na kuongezewa bei. Inahitaji trei ya chini yenye meno yanayolala, ili sufuria ikae, na trei ya juu inayoweza kupandishwa. Kabla ya kwenda dukani ni busara kupima kwa futi kipenyo cha sinia na kimo cha sufuria inayotumika mara nyingi. Vipimo hivyo vilinganishwe na nafasi ya ndani ya mashine, si ya nje.

Vile vile, si kila chombo kinafaa kuingia. Masufuria ya alumini, ambayo ni mengi katika nyumba zetu, huwa meusi kwa ukali wa sabuni. Mwiko, kinu, chano na mbuzi ya kukunia nazi hupasuka. Vyungu vya udongo hunywa maji na sabuni. Vikombe vyenye ukingo wa rangi ya dhahabu hupoteza pambo lake. Nyumba ambayo vyombo vyake vingi ni vya namna hii itaendelea kuosha kwa mikono hata baada ya kununua mashine. Ni afadhali kubadili masufuria kwanza na kununua yale ya chuma cha pua.

Kusoma lebo

Nchini Uingereza na katika Umoja wa Ulaya kila mashine mpya hubandikwa lebo ya matumizi ya nishati. Tangu Machi 2021 lebo hiyo hutumia daraja kuanzia A hadi G, na alama za zamani kama A+++ zimeondolewa. Mashine ya zamani yenye A+++ inaweza kuwa sawa na ya daraja D au E ya leo. Anayenunua ya mtumba asilinganishe alama za mifumo hiyo miwili.

Chini ya daraja hilo huandikwa mambo yenye faida zaidi: umeme unaotumika kwa mizunguko 100, lita za maji kwa mzunguko mmoja, idadi ya seti, muda na kelele kwa desibeli. Takwimu hizo ni za programu ya kubana matumizi pekee. Kwa nyumba ambamo jiko na sebule ni chumba kimoja, au ambamo mtu hulala mchana baada ya zamu ya usiku, kelele isizidi desibeli 44 hivi.

Sabuni na matunzo

Sabuni ya maji ya kuoshea kwa mikono haifai kabisa, kwa kuwa povu lake hufurika na kumwagika sakafuni. Mashine huhitaji sabuni yake, ya unga au vidonge. Nyingi zina vimeng'enya vinavyovunja wanga na protini, na hivyo huweza kuondoa mabaki ya ugali na mayai. Si lazima vyombo visuuzwe kabla ya kupangwa. Inatosha kukwangua mabaki, ingawa ukoko uliogandama chini ya sufuria ya ugali hulowekwa kwanza.

Sabuni hiyo ni kali na inaweza kuunguza mdomo na koo. Iwekwe mbali na watoto, na visu vipangwe ncha zikielekea chini.

Kichujio kisafishwe kila wiki, hasa katika nyumba inayopikia mawese au samli, kwani mafuta yakiganda huziba na kuleta harufu. Anayetuma mashine nyumbani aulize kwanza kama sabuni na chumvi yake hupatikana huko, na kwa bei gani. Mashine isiyo na sabuni haina kazi.

Mpya au ya mtumba

Mashine ya mtumba inaweza kuwa nafuu ikiwa imewashwa mbele ya mnunuzi na kumaliza mzunguko mzima. Mpira wa mlango usiwe na nyufa, trei zisiwe na kutu, na mikono izunguke bila kukwama. Namba ya modeli itafutwe kwenye orodha ya mashine zilizorudishwa viwandani kwa hatari ya moto.

Dhamana ya mashine mpya kwa kawaida hutumika tu katika nchi iliponunuliwa. Kwa hiyo swali la mwisho kwa anayetuma nyumbani ni la fundi na vipuri. Kampuni yenye wakala katika mji wa wazazi, hata kama mashine yake ina bei ya juu kidogo, ni bora kuliko mashine ya bei poa ambayo pampu yake haipatikani.

Hesabu ya mwisho

Mashine haimalizi kazi yote ya vyombo. Bado kuna wa kukwangua, kupanga, kutoa na kusafisha kichujio. Inachoondoa ni muda wa kusimama mbele ya sinki, ambao katika nyumba nyingi hubebwa na mama, binti au dada wa kazi. Faida hiyo itapatikana endapo atakayeitumia ameulizwa mapema, na kufundishwa na wenzake wote katika nyumba namna ya kuipanga na kuiwasha.

Mnunuzi, basi, aanze nyumbani na si dukani. Aangalie kimo cha tangi na aina ya maji, asome volti, apime sinia na sufuria, kisha aulize sabuni na fundi. Yote hayo yakiwa sawa, bei itakuwa jambo jepesi kuliamua. Moja likikosekana, huenda fedha hizo zikawafaa wazazi zaidi zikinunua tangi kubwa la maji.